Usiku mumiani alipofika Dongobesh

Basi likiacha barabara kuu ya Singida pale Kona ya Dareda, abiria wenyeji huanza kufungua mabegi. Nilidhani wanatafuta vitafunwa, kumbe wanatoa masweta. Mimi nilikuwa na kikoti chepesi cha mjini. Mama aliyekaa dirishani alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hujawahi kupanda huku juu?" Nikamjibu kwamba ni mara yangu ya kwanza. Akafunga dirisha, akajifunika khanga ya pili juu ya ile ya kwanza, akasema, "Basi leo utalijua."

Nililijua. Ule ukingo wa Bonde la Ufa basi linaupanda kwa kuhema, kona baada ya kona, na kila ukitazama nyuma bonde linazidi kuzama. Ukifika Bashnet unakuta nchi nyingine kabisa: mashamba madogo yaliyopangwa kwenye miteremko kama viraka vya shuka, ng'ombe wanene, watoto wa shule waliovaa makoti makubwa kuliko wao, na ukungu unaoshuka saa kumi jioni kama mtu aliyevuta pazia. Ilikuwa Julai. Nilikuwa natoa moshi mdomoni kila ninapoongea.

Na harufu. Ukanda huu wa Mbulu unalima vitunguu saumu kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, na kwenye lile basi magunia yalikuwa juu, chini ya viti na mapajani mwa watu. Kumbuka hivyo vitunguu. Vitarudi.

Mhariri wangu alinituma kuandika habari za panya. Wilaya ya Mbulu iko kwenye orodha ya maeneo ya Tanzania yenye historia ya tauni, ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwa kuusoma kwenye maandiko. Mwaka 2007 ulizuka hapa, baada ya Lushoto kuteseka nao tangu 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako watu zaidi ya 7,000 waliugua. Kinachoueneza ni kiroboto anayeishi kwenye manyoya ya panya. Panya akifa kiroboto hutafuta mwili mwingine wenye joto, na mwili ulio karibu mara nyingi ni wa mtoto aliyelala chini. Homa kali, mitoki mikubwa kinenani au kwapani, na usipowahi antibiotiki, kifo. Ukiwahi, unapona. Nilikuwa nimejiandaa kwa hadithi hiyo.

Usiku wa kwanza Dongobesh, nyumba ya wageni niliyofikia haikuwa na runinga, na baridi ilikuwa haisomeki kwenye kitabu. Dada wa mapokezi aliniona natetemeka kwenye benchi, akaniambia, "Dada, kama hujalala, nenda kibandani. Kule watu wamebanana, kuna joto. Leo wanaonyesha ya mumiani."

Kiingilio shilingi 500.

Msomaji aliyekulia mjini siku hizi huenda hajui tena kibanda umiza ni nini. Ni chumba cha mabati, mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, runinga moja iliyowekwa juu kama sanamu, na spika mbili zenye sauti ya kupasua. Mkoa mzima wa Manyara sikuona jumba la sinema la kukaa kwenye kiti cha sponji. Kibanda ndicho sinema. Na kwenye kibanda filamu haizungumzi lugha yake, kwa sababu kuna mtu amekaa mahali fulani akairekodia sauti ya Kiswahili juu ya Kizungu, akieleza, akitania, akiongeza chumvi. Ni sanaa yenye umri wake hapa nchini. Waliokua miaka ya 2000 watamkumbuka Lufufu, mmoja wa waliowatangulia wengine.

Filamu ilikuwa Nosferatu, ile ya mwaka 2024 ya mwongozaji Mmarekani Robert Eggers. Niliitambua baada ya dakika mbili kwa sababu nilikuwa nimeitamani tangu ilipotoka. Sikuwahi kufikiria nitaitazama mara ya kwanza nikiwa nimebanwa kati ya kijana anayetafuna karanga na mzee wa Kibarbaig aliyejifunga shuka na fimbo yake ikiwa katikati ya magoti.

Kwa ambao hawajaiona: ni Ujerumani, mwaka 1838. Kijana Thomas Hutter ameoa juzi tu, hana fedha, na bosi wake anamtuma milimani Transylvania kumuuzia nyumba bwana mmoja wa ajabu, Count Orlok. Mke wake Ellen anamsihi asiende. Anakwenda. Orlok ni maiti anayetembea na kunywa damu, na kumbe tangu Ellen akiwa binti mdogo, mpweke, akiomba usiku apate mwenzi, aliyeitika ni huyu. Sasa anamfuata kwa merikebu iliyojaa panya, na panya wanashuka mjini na tauni. Ni filamu ya mapenzi na ya kutisha kwa pamoja. Chanzo chake ni filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, nayo ilichota bila ruhusa kwenye riwaya ya Dracula ya mwaka 1897, hadi mjane wa mwandishi akaenda mahakamani na ikaamriwa nakala ziteketezwe. Hazikuisha. Mumiani hafi kirahisi.

Mfasiri wetu hakuhangaika na jina Orlok. Alimwita "Mzee Mumiani" tangu mwanzo, na kila mtu akaelewa. Neno hilo lina uzito wake. Bibi zetu walitishwa nalo tangu enzi za mkoloni: kwamba kuna watu, mara nyingi wenye magari na sare, wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu ya kutengenezea dawa. Nimekutana na uvumi huo hata kazini, kwenye kampeni za kuchangia damu. Kwa hiyo pale kibandani hakuna aliyehitaji kuelezwa Transylvania iko wapi.

Watu walifurahi sana. Thomas alipopewa mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoijua, na mfuko wa dhahabu pembeni, akina mama walipiga kelele: "Usisaini!" Akasaini. Kumbe kile alichosaini ni kumwachia mzee yule mke wake. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwa uchungu wa kweli, "Ndivyo mashamba yetu yanavyoondoka." Watu hawakucheka. Hanang ni jirani, na kila mtu hapa anajua malisho ya Wabarbaig yaliyogeuzwa mashamba ya ngano ya serikali miaka ya 1970.

Kisha ikaonekana nyumba ya wageni ya kule milimani, wanavijiji wakijikinga na mumiani, na kijana wa karanga akaruka: "Vitunguu saumu! Huku kwetu hawezi kukanyaga, atakufa hapo hapo sokoni!" Kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko. Hata mzee wa fimbo alitikisika mabega.

Mbele kabisa, chini ya runinga, wamekaa watoto. Niliwahesabu saba, mdogo labda ana miaka sita. Hapa niseme na mzazi mwenzangu moja kwa moja, ingawa mimi mwenyewe bado sina mtoto: filamu hii Marekani imewekwa daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Kuna uchi, kuna damu, na kuna watoto wadogo wanaouawa. Bodi ya Filamu yetu ina kazi ya kupanga madaraja ya umri, lakini flashi inayojazwa kwenye kompyuta ya duka haipitii Bodi. Inapitia mlango wa kibanda, na mlangoni shilingi 500 ya mtoto ni sawa na ya mtu mzima. Nilimwuliza mwenye kibanda kuhusu wale watoto. Alinijibu kwa heshima, "Dada, nyumbani kwao baridi. Hapa angalau najua walipo." Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule, na bado sina la kutosha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ellen, yule mke, anaanguka. Macho yanageuka, mgongo unapinda kama upinde, viungo vinakakamaa, povu linatoka. Binti anayeigiza ni Lily-Rose Depp, mtoto wa Johnny Depp mnayemjua kama yule haramia wa Karibi, na alifundishwa miondoko ile na mwalimu wa ngoma ya Kijapani iitwayo buto. Kwa mtu wa habari za afya ilikuwa vigumu kutazama, kwa sababu ilifanana mno na kweli. Daktari anaitwa. Anaamuru afungwe kitandani, mavazi ya kubana kiuno yakazwe hata wakati wa kulala, apewe eta ya kumlaza. Baadaye anakuja profesa mzee, aliyefukuzwa na wenzake kwa kuamini mizimu, na yeye anasema: huyu ana pepo. Mfasiri wetu hakusubiri profesa. Tangu mtikisiko wa kwanza alishapaza sauti: "Mashetani hayo! Yamempanda! Msimguse, mate yake yanaambukiza!"

Hilo la mate halimo kwenye filamu. Aliliongeza mwenyewe.

Watu wakacheka, wengine wakasema "mh!" Watoto wa mbele wakaanza kuigiza, wakijitupa chini na kutikisa mikono. Na mlangoni, mama aliyekuwa anauza chai ya maziwa na maandazi, ambaye muda wote alikuwa akichungulia kupitia pazia, akaliachia pazia. Nilimwona kwa sababu baridi iliingia ghafla. Alibeba birika lake akaondoka, akasahau beseni la maandazi.

Nilitoka nalo. Nikamkuta nyuma ya kibanda amechuchumaa kwenye jiko la mkaa. Alinipokea beseni, akanimiminia chai bila kuniuliza kama nataka, na kwa muda hatukusema kitu. Ndani mfasiri alikuwa bado anapiga kelele. Kisha akasema, "Binti yangu ndivyo anavyofanya."

Sitaandika jina lake, wala la binti. Binti ana miaka 11. Alianza kuanguka akiwa na 7. Mwanzoni walidhani ni degedege, lakini degedege huja na homa kwa watoto wadogo, na huyu alianguka bila homa, akichota maji, akila, akiwa darasani. Alipoanguka darasani mara ya tatu, shule iliomba abaki nyumbani "mpaka apone". Ana kovu kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole, aliangukia mafiga. Nyumbani ana sahani yake na kikombe chake. Wadogo zake hawalali naye. Wameuza mbuzi wawili kwa mganga mmoja na ng'ombe kwa mwingine, na wameombewa katika madhehebu matatu. Zahanati moja waliyokwenda walipewa vidonge vya mwezi mmoja, vikaisha, na waliporudi wakaambiwa havipo. Alipoacha ghafla, akaanguka mara nne kwa siku moja. Hapo baba yake akasema dawa ndiyo iliyomharibu.

"Sasa na wazungu wamesema ni pepo," alimalizia, akionyesha kibanda kwa kidevu.

Nilimwambia kwamba nje ya sinema kuna maelezo mengine, na kwamba Haydom, katika wilaya hiyo hiyo, ni moja ya sehemu zilizochunguza ugonjwa huu kwa muda mrefu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa na Wanorwei mwaka 1955, na tangu miaka ya 2000 madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa kifafa wa vijiji vya kule. Walipowapiga picha za kichwa, baadhi walikutwa na vivimbe vidogo ndani ya ubongo. Ni viluwiluwi vya mnyoo. Mnyoo tegu wa nguruwe.

Alinitazama kama nimemtukana. "Sisi tunakula kitimoto sikukuu tu."

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitaeleza taratibu kama nilivyomweleza yeye. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vijifuko, ambayo haikuiva vizuri, anapata tegu tumboni. Huyo hapati kifafa kwa kula kule. Lakini tegu anataga, na mayai yanatoka na kinyesi. Kama hakuna choo, au kipo lakini mikono haioshwi, mayai yanafika kwenye maji, mboga, tonge la mtoto. Mtu mwingine akiyameza, hata kama hajawahi kuonja nguruwe maishani mwake, viluwiluwi vinatoboa utumbo, vinasafiri na damu na vingine vinatua kwenye ubongo. Nguruwe naye anayapata kwa kula kinyesi cha binadamu porini, na mzunguko unaanza upya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikagua ndimi za nguruwe katika vijiji 21 vya wilaya ya Mbulu, wakakuta karibu mmoja kati ya sita ana vijifuko. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo yenye mnyoo huu, unahusika na takriban asilimia 30 ya kifafa.

Si kifafa chote. Kingine hutokana na uzazi mgumu, malaria kali ya kichwa, homa ya uti wa mgongo, ajali, na kingine chanzo hakijulikani. Wa binti huyu sijui ni upi, mimi si daktari. Lakini hakuna hata kimoja kinachoambukiza kwa mate.

Mama alikaa kimya. Akauliza jambo moja tu: "Na dawa zipo?" Nikamwambia zipo, za miaka mingi na za bei ndogo, na hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakizitumia sawasawa. Tatizo ni lile "sawasawa". Kila siku, bila kuruka, miaka kadhaa, na haziachwi ghafla hata siku moja. Zikikaribia kuisha unazitafuta kabla, si baada.

Asubuhi alinipeleka kwake. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa njia ya ng'ombe, umande hadi magotini. Kuna nguruwe wawili walikuwa wanazurura nyuma ya nyumba, na choo cha mabanzi kisicho na mlango. Binti alikuwa anapukuchua maharage. Mrefu, mkimya, ana macho ya kuchunguza. Alinisalimia "shikamoo" akaficha mkono wenye kovu nyuma ya mgongo. Babu yake alitoka, tukasalimiana sana kama ilivyo desturi, akaniuliza ukoo wangu na mvua ya kwetu. Yeye ndiye aliyenieleza habari ya metimani. Zamani Wairaqw, nyumba ikiingia kwenye msiba, watu wake walitengwa kwa muda: hawachangii chakula wala pombe na wengine, hawaingii kwa watu, hadi muda uishe. "Ilikuwa na mwisho," alisisitiza yule mzee. "Mtu alitengwa, kisha akarudishwa." Akamtazama mjukuu wake. "Huyu hakuna aliyetuambia mwisho wake ni lini."

Niliifikiria filamu tena nikiwa narudi sokoni. Ni nzuri, nisidanganye. Ina picha kama michoro ya zamani, mwanga wa mshumaa, theluji, na hofu inayokuja polepole kama baridi ya hapa. Ni ndefu, zaidi ya saa mbili, na katikati inachosha. Lakini jambo lake moja linanikera kitaaluma: ndani ya hadithi, profesa wa mizimu ndiye anayeshinda ubishi, na daktari anaonekana mjinga. Kule Ulaya mtazamaji anatoka ukumbini akijua ni ngano. Pale kibandani ngano ile ilithibitisha alichosema mganga aliyekula mbuzi wawili. Hata hivyo yule daktari simtetei. Kumfunga kamba mtu anayetikisika ni kosa lile lile liwe Ujerumani au Dongobesh.

Mtoto akianguka mbele yako, ondoa mafiga, mawe na visu vilivyo karibu, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimshikilie kwa nguvu. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Meno yatavunjika au atakabwa. Tazama saa. Ikipita dakika tano hajaacha, au akianguka tena kabla hajazinduka, hospitali. Na mate yake mfute kwa mkono wako. Wengine watakuwa wanatazama.

Habari ya panya niliikamilisha, kwa taarifa yenu. Wanakijiji wanazingatia: nafaka juu ya kichanja, hakuna kulala sakafuni, panya waliokufa ovyo wanaripotiwa badala ya kuokotwa na watoto. Niliwasimulia watoto wa Dongobesh kwamba panya si lazima awe adui, kwamba Morogoro kuna panya buku wanaofundishwa kunusa makohozi ya wenye kifua kikuu na mabomu ya ardhini, na kwamba mmoja, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Hawakuniamini hata kidogo.

Siku ya tatu nilishuka tena Dareda, nikashika barabara ya Katesh. Mlima Hanang unauona tangu mbali, peke yake katikati ya tambarare, zaidi ya mita 3,400, na siku hiyo ulikuwa umevaa wingu kichwani. Niliujua mlima huu kwa ubaya. Nilikuja hapa Desemba 2023, siku chache baada ya Jumapili ile ya tarehe 3 ambapo tope, mawe na miti vilishuka na kufagia nyumba za Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa. Sasa soko limechangamka, watu wanauza dengu na viatu vya mitumba, na mgeni asingejua. Lakini mwanamke niliyekula kwake mchana, ambaye alilea watoto wa dada yake baada ya siku ile, aliniambia mdogo wao bado hulala na viatu miguuni mvua ikinyesha. "Ana miaka tisa. Simlazimishi avue. Nasubiri alale, ndipo namvua." Nilimwuliza kama anatazama video za kutisha kibandani kama wenzake. Alinishangaa. "Za nini tena?"

Wiki tatu baadaye nilikuwa ofisini nikipigana na mhariri juu ya kichwa cha habari, simu ikaita namba nisiyoijua. Ni yule mama wa chai. Walikwenda Haydom, yeye na binti na, jambo lililonishangaza zaidi, baba. Walipanda basi la alfajiri. Wamepewa dawa na tarehe ya kurudi, na wameambiwa waandike kila anapoanguka. Ameanguka mara moja tu tangu hapo. Nguruwe wamefungiwa banda. Choo bado hakina mlango lakini baba ameahidi.

Nilifurahi, nikadhani tumemaliza. Akasita kidogo.

"Dada mwandishi, nilitaka kukuuliza. Yule binti wa kwenye video. Mimi niliondoka kabla. Mwisho alipona?"

Nilifikiria kumdanganya. Mwisho wa Nosferatu ni kwamba Ellen anamwita mumiani kitandani kwake kwa hiari, anamshikilia hadi jua linachomoza, na jua linamuua yule mzee. Mji unapona. Yeye anakufa.

"Alikufa, mama," nikamwambia. Simu ikawa kimya, nikaongeza haraka: "Lakini ile ni hadithi, na ni ya mwaka 1838. Dawa ya kwanza ya kifafa yenye kufanya kazi iligunduliwa 1857. Hii anayoanza nayo mtu siku hizi, fenobabitoni, imeanza kutumika 1912."

"Kwa hiyo hawakuwa na kidonge."

"Hawakuwa nacho."

Nikamsikia ameondoa simu sikioni, anaita kwa Kiiraqw, kisha kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Umekunywa dawa?" Sauti ikajibu kutoka mbali, yenye kero ya mtoto anayeulizwa swali moja kila siku.

"Anasema amekunywa," mama akaniambia. "Ngoja nikahesabu."